Chokaa Chini ya Mpaka

Kwanza kilisikika kikohozi.

Hakuna mtu wa Luanzhuang asiyekijua kikohozi kile. Kinatoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo nyuma ya ofisi ya kijiji, na kinatangulia kila neno la Mwenyekiti Xitang. Akikohoa mara moja, kuna mbolea ya bei nafuu. Akikohoa mara mbili, kuna chanjo ya nguruwe. Asubuhi ile alikohoa mara tatu, akanyamaza, akakohoa tena. Nilikuwa bado chini ya blanketi, na nilijiambia: leo tunaibiwa.

“Ndugu wanakijiji,” ilisema sauti ya juu ya nguzo, “vibendera vimeshawekwa kwenye mashamba ya mashariki. Kila mtu akaangalie chake. Keshokutwa trekta za Shemeji Kuang zinaingia, matuta yanasawazishwa, shamba linakuwa moja. Ambaye hajaweka dole gumba kwenye mkataba, ofisi iko wazi mpaka kesho jioni. Narudia…”

Sikungoja arudie. Nilivaa viatu nikatoka.

Huyo Shemeji Kuang ni Kuang Deben. Alioa binti wa kijijini kwetu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akaja na sanduku moja na trekta ya mtumba iliyokuwa inapiga chafya. Kijiji chetu ni ukoo mmoja wa Luan, kwa hiyo tangu siku ile yeye ni shemeji wa wote, mzee na mtoto. Alianza kwa kuwalimia watu. Kisha akakodi vipande vya wale waliohamia mjini. Sasa alitaka vipande vyote vya mashariki, karibu mia na themanini, vyembamba kama mikanda, kila kimoja na tuta lake la mpaka na ugomvi wake wa mpaka. Alitaka avikodi kwa miaka kumi, avunje matuta yote, apande ngano moja kutoka barabarani hadi mtoni. Watu walifurahi. Wazee walisema migongo yao imechoka. Vijana walisema hawajawahi kushika jembe na hawana mpango huo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kiwanda cha matairi mjini kwa sababu moja tu: kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayeligusa shamba la baba yangu, Shouye, kwa mkono wa ujanja.

Nasema shamba la baba yangu kwa sababu mimi mwenyewe sina shamba. Ardhi iligawanywa mwaka 1998. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Na kanuni ya mgao ilikuwa kwamba kwa miaka thelathini anayezaliwa haongezewi kitu, na anayekufa hapunguziwi kitu. Baba na Mama walipata mu nne, kwa kipimo chetu cha ardhi, mbili za kila mmoja. Mimi nikaja mezani na mdomo wangu mtupu, tukawa watatu kwenye chakula cha wawili. Mtu aliyezaliwa hivyo anajifunza mapema kutazama mikono ya watu.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa na mabua yamelazwa. Vibendera vyekundu vilipepea kila mahali. Nilitembea moja kwa moja hadi kwenye jiwe letu la mpaka, lile linalotutenga na kipande cha Shangazi Cuirong, mjane wa Ami Hongru. Jiwe lilikuwa pale pale nilipolijua, hatua moja tu kutoka kaburi la Ami Hongru, ambalo liko pembeni mwa shamba la mkewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani kaburi lile linatembea. Nilikumbuka kwamba zamani lilikuwa mbali na mpaka wetu, na kila nilipokuja kulitazama lilikuwa limesogea kwetu kidogo. Niliogopa kumwambia mtu.

Jiwe lilikuwa mahali pake. Lakini kibendera hakikuwa kwenye jiwe. Kilikuwa upande wetu, ndani ya shamba letu, hatua tatu kamili. Nilizipiga mara mbili. Hatua tatu, ukizizidisha kwa urefu wa shamba, ni zaidi ya nusu mu.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, na langoni kwetu nikakutana na nani? Kuang Deben, anatoka, anafunga zipu ya koti lake.

“Umefuata nini kwetu?”

“Nimemsalimia baba yako.”

“Asubuhi yote hii?”

“Kuna saa ya kusalimia na saa ya kutosalimia?” Alijaribu kucheka. “Umenenepa, Chuanlei. Mjini wanakulisha.”

“Kibendera chako kimeingia kwetu hatua tatu.”

Hakukana. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitazama viatu vyake vyenye tope, akatazama mlango wetu, akashusha sauti.

“Vibendera vimefuata ramani ya mwaka ule wa mgao. Weka dole, kijana. Mambo mengine yakipita kimya, yamepita vizuri.”

Nani anapenda kimya kuliko mwizi? Nilimpisha, nikaingia ndani. Juu ya meza kulikuwa na katoni ya maziwa, mpya, bado ina mkanda wake. Baba alikuwa ameketi kando yake, anamenya kitunguu cha kulia mkate wa mvuke, na hakuinua macho.

“Amekupa nini?”

“Unaona. Maziwa.”

“Na nini tena?”

“Kaa ule.”

“Baba, wametuingilia hatua tatu! Wamehamisha mpaka!”

“Naujua mpaka wangu.”

“Sasa mbona umekaa kimya?”

Alikata kitunguu vipande viwili, akanisogezea kimoja. Mikono yake ni mikubwa, ya mtu aliyeshika plau maisha yake yote.

“Kesho nenda ukanichukulie karatasi ofisini,” alisema. “Nitatia dole. Na usiende kuchimbachimba huko.”

Nilisimama nikamtazama. Sikuwa nimetaja kuchimba. Hata wazo lenyewe lilikuwa halijanijia. Sasa lilinijia, na lilinijia likiwa na sura ya Kuang: kwa hiyo walishaongea juu ya kuchimba, na Kuang ameshamtisha mzee wangu asichimbe. Kwa nini mtu aogope kuchimba, kama si kwamba chini kuna ukweli?

Kwa maana chini upo. Siku ya mgao, katika kila pembe ya kila kipande, walipigilia mtaimbo ardhini kina cha mkono mzima, wakauchomoa, wakajaza shimo kwa unga wa chokaa, ndipo wakaweka jiwe juu. Jiwe mtu anaweza kulisogeza akiwa na mikono na nia mbaya. Chokaa haisogezeki. Inabaki kule chini, nguzo nyembamba nyeupe ndani ya udongo wa manjano, na hata trekta haiifikii.

Nilimwacha Baba na kitunguu chake.

Shangazi Cuirong alikuwa uani kwake, anapukuchua mahindi kwa kusugua gunzi juu ya gunzi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Yeye si wa ukoo wetu, ni wa Gu, ameolewa tu hapa. Binti yake yuko mbali kwa mumewe. Nilimtazama kwa jicho jingine siku ile, kwa sababu hatua tatu zikitoka kwetu zinaingia kwake.

“Shangazi, umekiona kibendera?”

“Nina macho.”

“Kuang amekuja kwako pia?”

“Amekuja.”

“Na maziwa?”

“Mimi maziwa yananiumiza tumbo. Alileta mayai.”

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na zawadi yake. “Na amekuambia nini?”

Alitupa gunzi kwenye rundo, akachukua jingine. “Kaniambia nisiseme kitu. Nikamwambia, mimi sijasema kitu miaka yote hii, kwa nini nianze leo?”

“Kesho nachimba chokaa.”

Mikono yake ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu niingie, na alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

“Baba yako anajua?”

“Baba anaogopa. Mimi siogopi mtu.”

“Ndiyo,” alisema. “Hilo linaonekana.” Akaendelea kupukuchua.

Nilikwenda ofisini nikapiga meza. Mwenyekiti Xitang alikuwa mhasibu wa kijiji enzi za mgao, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamimina chokaa. Alinisikiliza akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakohoa kile kikohozi chake bila kipaza sauti, kikawa kidogo na cha huzuni.

“Chuanlei, mwanangu, kunywa chai.”

“Sitaki chai. Nataka kuchimba mbele ya watu.”

“Tunaweza kwenda watatu tu. Wewe, mimi na baba yako. Jioni, tukatazame taratibu.”

“Kwa nini jioni? Kwa nini taratibu? Mbele ya watu wote, Mwenyekiti, saa nne asubuhi! Usipotangaza wewe, nitapanda kwenye nguzo nitangaze mwenyewe!”

Alikunywa chai yake yote mpaka majani. Kisha akasema, “Haya.”

Saa nne asubuhi nusu ya kijiji ilikuwa shambani. Watu walikuja na mbegu za alizeti mifukoni, wakisimama kwenye matuta yao kwa mara ya mwisho, wanatafuna na kutema maganda. Trekta za Kuang zilikuwa zimeshaegeshwa barabarani, tatu, kubwa, za rangi ya machungwa. Nilifika na mtaimbo, koleo na sururu. Baba hakuja. Nilimwacha kitandani, amegeukia ukuta.

“Chuanlei!” mtu alipiga kelele. “Ukikuta mafuta ya petroli usitusahau!”

“Akikuta babu yake atamwamkia!”

“Huyu hata kumwagilia maua hajui, leo anachimba!”

Niliwaacha wacheke. Kuang alisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni, peke yake. Shangazi Cuirong alikuwa kando ya kaburi la mumewe, hatafuni kitu.

Nilianza kwenye jiwe. Nililing’oa, nikalisukuma pembeni, nikachimba. Udongo ulitoka mweusi wa juu, kisha wa manjano, kisha wa manjano. Nilifika kina cha goti. Nikafika kina cha mkono mzima. Nikapanua shimo kushoto, nikapanua kulia. Manjano tu. Hapakuwa na chokaa hata chembe.

Mnajua nilifurahi? Jasho lilikuwa linaniingia machoni na nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimempata.

“Mmeona?” Nilisimama ndani ya shimo langu nikapaza sauti. “Mmeona wenyewe! Chini ya jiwe hakuna chokaa! Jiwe hili limehamishwa! Mtu aliye hapa hapa amelihamisha, na leo anataka kuvunja matuta ili asijulikane! Nani anaingia na trekta mashambani mwa watu kila vuli? Nani alikuja kutoka nje na sanduku moja, na leo anataka kijiji kizima? Shemeji, sema! Jiwe la baba yangu nani amelihamisha?”

Kelele za kutafuna zilikoma. Wote waligeuka kumtazama Kuang. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alimtazama Mwenyekiti tu.

Mwenyekiti Xitang alikohoa. “Chimba kwenye kibendera,” alisema.

“Kwa nini kwenye kibendera?”

“Umetaka mbele ya watu. Chimba.”

Nilikwenda hatua tatu, nikang’oa kibendera, nikachimba. Sikufikiri. Hasira ilinichimbia. Mweusi, manjano, manjano; na pale mkono wangu ulipokuwa umezama mpaka kiwikoni, koleo lilitoka na kitu cheupe kwenye ncha. Nilikishika. Kilikuwa kikavu, laini, cheupe kama unga wa mikate. Nilisafisha kwa vidole pembeni, na nguzo nzima ikaonekana, nene kama mtaimbo, imesimama wima mahali ilipomiminwa miaka ishirini na moja iliyopita.

Ilikuwa ndani ya shamba letu. Yaani, ndani ya lile nililolijua kuwa shamba letu.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

“Kweli jiwe limehamishwa. Sasa, Chuanlei, lilitembea kwenda upande gani?”

Kicheko kilianza kwake kikaenea. Mimi nilikuwa ndani ya shimo, na chokaa vidoleni, na nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja: kaburi lililotembea, neno la Baba juu ya kuchimbachimba, maziwa, mayai. Kuang hakuja kununua kimya cha kuibia. Alikuja kuwaomba wakubali mpaka wa kweli bila mtu kusema neno, ili trekta ipite juu yake, na aibu ya baba yangu ilimwe pamoja na mabua. Mimi ndiye niliyekataa. Mimi ndiye niliyetaka saa nne asubuhi.

“Nipisheni.”

Kicheko kilikatika. Baba alikuwa amekuja. Alipita katikati ya watu akiwa na kandambili za ndani, bila kofia, akasimama kwenye ukingo wa shimo. Hakunitazama mimi. Alimtazama Shangazi Cuirong.

“Mfuo mmoja wa plau,” alisema. “Kila vuli mfuo mmoja, miaka kumi. Na jiwe nilikuwa nalisogeza kila baada ya muda. Si Kuang. Ni mimi.”

Alisukuma bonge la udongo kwa kandambili, likaangukia shimoni.

“Hongru alikuwa amekufa, na fungu lake lilibaki. Huyu,” alinyoosha kidole kwangu bila kugeuka, “huyu alikuwa amezaliwa, na fungu hana. Nikaona… Niliona hivyo nilivyoona. Mke wa Hongru, nisamehe.”

Kumbe nilikuwa na ardhi. Nilikuwa na hatua tatu, nazo nilizila mpaka nikawa na nguvu za kuja kuzichimbua.

Shangazi Cuirong alikuja taratibu mpaka kwenye shimo, akachungulia chokaa kama mtu anayechungulia chungu.

“Mwaka wa kwanza,” alisema, “nilikuwa napanda ngano kwa kuvuta mashine ya mkono, kwenda na kurudi, mara ishirini na mbili ndipo kipande kinaisha. Mwaka uliofuata kifo cha Hongru, mara ishirini na mbili kasoro mfuo mmoja. Mwaka jana, mara kumi na nane. Nilihesabu, Shouye. Kila mwaka nilihesabu.”

“Kwa nini hukusema?” niliuliza mimi.

Alinigeukia. “Ningemwambia nani? Mwenyekiti ni Luan. Majirani ni Luan. Hata aliyelala hapo kaburini ni Luan. Mimi ni Gu.” Kisha akamgeukia Baba tena. “Na usidhani nilikusamehe. Nilihesabu tu.”

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akarudi alikotoka, kandambili zikipiga kisigino. Watu walimpisha njia pana kuliko aliyohitaji.

Wengine nao waliondoka mmoja mmoja. Kuang alikuwa wa mwisho. Alipita karibu yangu, na nilijua natakiwa kusema nini, na nilisema, ingawa ulimi ulikuwa mzito kama tope.

“Shemeji, nilikukosea.”

“Maziwa yale mnywe,” alisema. “Yanaharibika haraka.”

Alikuwa na haki ya kunitukana, lakini hakufanya hivyo. Hata hivyo, nilimtazama akienda zake barabarani kwenye trekta zake tatu, na bado sikutulia. Sikumwona tena kuwa mwizi wa hatua tatu, hilo nililikubali. Lakini mu mia saba bila tuta hata moja, kwa miaka kumi! Kabla ya miaka hiyo kuisha Mwenyekiti Xitang atakuwa amekufa na kikohozi chake. Ramani ya ofisini panya wataila, au mtu mwenye haraka ataiandika upya. Baba alikula mfuo mmoja kwa mwaka, na mjane akauhesabu kwa miguu yake. Shamba likiwa moja, nani atajua pa kuanzia kuhesabu?

Nilikwenda kwa baiskeli mpaka duka la saruji, nikarudi na mfuko mdogo wa chokaa. Shangazi Cuirong alikuwa bado pale, ameketi kwenye lile jiwe lisilo na kazi tena. Niliiongeza chokaa mpya juu ya ile ya zamani, nikaishindilia kwa mtaimbo, nikafukia shimo, nikalikanyaga. Kisha nikatembea kutoka kaburi la Ami Hongru kuelekea magharibi, nikihesabu kwa sauti.

“Moja. Mbili. Tatu. Nne.”

“Mrefu wewe,” alisema Shangazi. “Hatua zako nne ni zangu tano.”

“Basi hesabu zako. Trekta haipiti juu ya kaburi. Litabaki peke yake humu ndani.”

Aliinuka, akajipangusa magoti, akatembea. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Alisimama juu ya chokaa kabisa, unyayo wake mdogo juu ya wangu. Barabarani dereva alikuwa anajaribu injini. Ilinguruma, ikazimika, ikanguruma tena.

“Miaka kumi,” alisema. “Nitakuwa na sabini na nane. Unafikiri nitaweza kuvuta mashine?”

“Shangazi Gu,” nilisema, na nililitaja jina la ukoo wake kwa nguvu, ili hata dereva asikie, “mkataba ukiisha nitakuja hapa na mtaimbo wangu. Nitahesabu hatua nne kutoka kwa Ami Hongru, nitachimba mbele ya watu wote, saa nne asubuhi, mpaka nikuoneshe nyeupe. Na ngano yako nitaivutia mimi, kwenda na kurudi, mara ishirini na mbili.”